SOMO KWA ANAYEANZA GOFU: KUPIGA KWA NAMNA ILEILE KILA MARA



Katika masomo ya gazeti letu tumezoea kueleza habari za mishahara, mikataba na usalama kazini. Safari hii tunaleta somo la mchezo, nao ni mchezo wa gofu. Tunajua wako watakaouliza: Gofu inatuhusu nini sisi wachumaji wa chai, wakataji wa miwa na wabebaji wa magunia ya kahawa? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwanza, kisha tutashika fimbo.

1. GOFU NA MFANYAKAZI

Katika Afrika Mashariki viwanja vingi vya gofu vilijengwa kando ya kazi. Kericho na Nandi Hills, nchini Kenya, viwanja viko katikati ya nchi ya chai. Mumias kuna uwanja katika mji wa kiwanda cha sukari. Hapa kwetu Uganda, Lugazi kuna uwanja kwenye eneo la mashamba ya miwa. Na huku kwetu Kasese, mgodi wa Kilembe ulioanza kutoa shaba mwaka 1956 ulikuwa na uwanja wake wa gofu katika miaka ile ya kazi.

Wakubwa wa makampuni walivitaka viwanja hivyo ili wao na wageni wao wapate mahali pa kupumzikia. Lakini tujiulize: Nani aling'oa visiki? Nani alisawazisha udongo? Nani hukata majani asubuhi kabla jua halijapanda? Na nani hubeba mfuko wa fimbo kwa mwendo wa saa nne akimfuata mchezaji? Ni mfanyakazi, au mtoto wa mfanyakazi. Yule mbeba mfuko, ambaye huitwa kedi, huujua uwanja kuliko mwenye fimbo. Anajua upepo unavuma wapi, mteremko unavuta wapi, na kwa nini mpira wa bwana umeingia kichakani.

Sisi wa Kyarumba hatuna uwanja wa gofu. Milima yetu ni ya kahawa, na mahali palipo tambarare pana soko, shule na uwanja wa mpira wa miguu. Hata hivyo vijana wetu hushuka kwenda kutafuta kazi katika mashamba na miji yenye viwanja hivyo, na wapo wanaopata kazi ya kufyeka au ya ukedi. Mchezo huu basi haupo mbali nasi. Kilichokuwa mbali ni fimbo tu. Na mtu anayeupata ujuzi wake hapaswi kuonekana mgeni mahali alipopatengeneza kwa jasho lake mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Sasa twende kwenye kazi.

2. KWA NINI MPIRA HAUTII

Mtu anayeanza hupiga mpira mmoja vizuri, akafurahi. Wa pili unabiringika mita kumi. Wa tatu unakwenda kulia, wa nne fimbo inachimba udongo. Basi anasema: "Sina nguvu za kutosha," kisha anaongeza nguvu. Hapo ndipo anapoharibu zaidi.

Tutazame hesabu. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi uzito wa gramu 45.93, na upana wake usipungue milimita 42.67. Ni kitu kidogo, nalo shimo unakotakiwa kuingia lina upana wa milimita 108. Ukipiga mpira wa mita 150, na uso wa fimbo ukawa umegeuka nyuzi 2 tu, mpira utatoka nje ya mstari wake kwa mita 5 hivi, hata kabla hatujahesabu kupinda kwake hewani. Nyuzi 2 ni kidogo sana. Jicho la mtu halizioni.

Jambo la pili ni muda. Fimbo na mpira hugusana kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna binadamu awezaye kurekebisha mkono wake katika muda huo. Ukishaanza kushuka kwa kasi, umekwisha kuamua.

Kwa hiyo shikeni neno hili, maana ndilo somo lote: Pigo huamuliwa kabla ya fimbo kushuka. Anayetaka kupiga kwa namna ileile kila mara, ajiandae kwa namna ileile kila mara. Nguvu zitakuja baadaye.

3. UJUZI ULIO NAO TAYARI

Mfanyakazi hachukui fimbo akiwa hajui kitu. Mtazame anayefyeka kwa slasha. Mfyekaji mgeni hupiga ovyo: mara chuma kinapita juu ya majani, mara kinagonga jiwe, na kabla ya saa nne asubuhi mkono wake umekwisha. Mfyekaji mzoefu hamzidi kwa nguvu. Anapita kimo kilekile, kwa mwendo uleule, na nyuma yake majani yamelala sawasawa kama yamepimwa. Ujuzi huo ndio tunaoutaka katika gofu.

Lakini kuna tofauti tatu, na lazima tuzielewe, kwa sababu mazoea yana taabu.

Kwanza, slasha hushikwa kwa mkono mmoja, tena kwa nguvu. Fimbo hushikwa kwa mikono miwili, tena kwa ulaini.

Pili, panga na shoka hushuka kutoka juu kwa nguvu ya mkono. Fimbo ya gofu huuzunguka mwili, na mwili ndio unaoivuta.

Tatu, kazini tunamaliza eneo. Ukikosa unyasi mmoja, utaukata ukirudi. Katika gofu tunatafuta nukta moja.

4. MAANDALIZI

Tunaeleza kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia wa kushoto ageuze kila kitu. Fimbo ya kuanzia ni moja tu, ya chuma, yenye namba 7. Sheria inaruhusu mchezaji kubeba fimbo hadi 14, lakini anayeanza asidanganyike na wingi huo. Fimbo moja iliyotumika, inayomfaa kwa urefu, itamfundisha mengi.

(a) Mshiko

Laza mpini katika vidole vya mkono wa kushoto, karibu na mizizi ya vidole, usiuweke katikati ya kiganja. Funga mkono. Kidole gumba kikae juu ya mpini, kidogo upande wa kulia. Ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya mkono huo. Kisha leta mkono wa kulia chini ya ule wa kushoto, na kiganja chake kifunike kidole gumba cha kushoto. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinaweza kulala juu ya kidole cha shahada cha kushoto, au kufungamana nacho, au kukaa kando yake tu. Njia zote tatu hutumika. Chagua moja, usiibadili kila juma.

Sasa habari ya nguvu. Ikiwa 10 ni kukaba kwa nguvu zako zote, hapa tunataka 4 hivi. Mkono uliozoea jembe hauamini jambo hili. Unadhani fimbo itaruka. Haitaruka. Mkono unapokaba, misuli hukaza hadi begani, na bega lililokaza haligeuki. Kabla ya kila pigo tikisa kichwa cha fimbo polepole. Kama huusikii uzito wake, umekaba. Futa jasho, legeza, anza tena.

(b) Kujipanga

Mkulima wa kahawa hapandi kwa macho matupu. Anavuta kamba, anapiga vigingi, kisha anachimba mashimo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Chukua matete mawili yaliyonyooka, au fito mbili. Moja ilaze chini, kando kidogo ya mpira, ielekee unakotaka mpira uende. Ya pili ilaze mbele ya vidole vya miguu yako, sambamba na ile ya kwanza.

Mtu wa Kasese akumbuke reli. Mpira uko juu ya chuma kimoja cha reli, miguu iko kwenye kile kingine. Reli mbili hazikutani. Wengi wanaoanza huelekeza miguu kwenye lengo lenyewe, na bila kujua wamejielekeza kulia kwake. Kisha mikono inajaribu kusahihisha kosa la miguu, na kila pigo linakuwa na dawa yake tofauti.

(c) Msimamo

Tenga miguu kwa upana wa mabega. Inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Anayeinama kwa kupinda mgongo, kama tunavyofanya tukipalilia, atauumiza. Magoti yalegee kidogo. Mikono ining'inie kwa uzito wake. Kwa fimbo ya namba 7 mpira uwe katikati ya miguu, au umesogea kidogo sana upande wa mguu wa kushoto. Laza ufito wa tatu kati ya miguu, uonyeshe mpira ulipo, maana mpira ukisogea upana wa kiganja kila mara, na pigo litabadilika kila mara.

5. MWENDO WA MWILI

Katika kupanda, mabega yageuke hadi mgongo uelekee upande wa lengo. Uzito uingie upande wa ndani wa mguu wa kulia. Goti la kulia lisiyumbe kwenda nje.

Katika kushuka, kazi ianzie chini. Uzito urudi mguu wa kushoto, kiuno kifunguke kuelekea lengo, ndipo mabega na mikono ifuate. Hapa ndipo wengi wetu huharibu, kwa sababu ya shoka. Tunaanza na mabega na mikono. Fimbo inatoka nje, inaupita mpira kwa kukata kuja ndani. Uso wake ukiwa wazi, mpira unapinda kulia kama ndizi. Anayeona ndizi hiyo kila mara asilaumu fimbo. Achunguze kitu gani kilichoanza kushuka kwanza.

Kuhusu kichwa, utasikia watu wakisema, "Usitikise kichwa!" Mtu anakaza shingo hadi anashindwa kugeuka. Neno sahihi ni hili: kichwa kisipande wala kisiyumbe kando kabla mpira haujaondoka. Baada ya hapo kiache kigeuke na mwili.

Mwisho wa pigo kifua kitazame lengo, uzito wote uwe juu ya mguu wa kushoto, na kisigino cha kulia kiwe juu. Baki hapo mpaka mpira uanguke. Ukishindwa kusimama, basi ulipiga kwa nguvu kuliko msingi wako. Mwisho ulio imara ni shahidi wa mwanzo ulio imara.

6. MWENDO NA MAPIGO

Wachezaji wazuri waliopimwa wameonekana kuwa muda wa kupandisha fimbo ni karibu mara tatu ya muda wa kuishusha mpaka kwenye mpira. Wako wenye haraka na wako wa taratibu, lakini uwiano huo hukaribiana.

Jambo hili tunalijua nyumbani. Watwangaji wawili wakishika kinu kimoja, hakuna anayeharakisha pigo lake. Akiharakisha, michi itagongana. Basi hesabu kwa sauti: "moja, mbili, tatu" wakati fimbo inapanda, na "piga" inaposhuka. Ukiona unasema "piga" kabla ya "tatu", umejua ugonjwa wako.

7. MAZOEZI YA MAJUMA SITA

Mazoezi haya hayahitaji uwanja wa gofu. Kiwanja cha nyumbani au shamba lililolala yanatosha, mradi pawe na nafasi wazi na pasiwe na mtu karibu.

Juma la 1 na la 2: bila mpira. Mwaga mstari wa jivu juu ya udongo laini. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako. Zungusha fimbo kutoka kimo cha kiuno hadi kimo cha kiuno upande wa pili, si zaidi. Tazama fimbo imekwaruza wapi. Inatakiwa iguse kwenye mstari au mbele yake kidogo, upande wa lengo. Fanya mara 10, hesabu zilizo sahihi, andika katika daftari. Zikifika 7 kati ya 10 kwa siku tatu mfululizo, endelea mbele. Kama hazijafika, usione haya kubaki.

Juma la 3 na la 4: mpira, mwendo mfupi. Kiuno hadi kiuno, kisha kifua hadi kifua. Weka gunia tupu umbali wa mita 20 au 30 liwe lengo.

Juma la 5 na la 6: robo tatu ya mwendo. Mwendo mzima usizidi mapigo matatu katika kila kumi.

Tangu juma la 3 fuata utaratibu mmoja kwa kila mpira. Simama nyuma ya mpira utazame lengo. Chagua alama iliyo karibu kwenye mstari huo, kama jani au kijiwe. Weka uso wa fimbo kwanza, kisha miguu. Tazama lengo mara moja. Pumua. Piga. Utaratibu huu usibadilike, mpira ukienda vizuri au vibaya.

Mipira 30 inayopigwa hivyo, na kupumzika kati ya mmoja na mwingine, ina faida kuliko mipira 100 inayopigwa kama anayewahi kufunga kazi.

Ukikosea, tafuta chanzo:

– Fimbo inachimba udongo nyuma ya mpira: uzito umebaki mguu wa kulia.
– Fimbo inagonga sehemu ya juu ya mpira na mpira unabiringika: mwili umeinuka, au mikono imejikunja kwa hofu.
– Mpira unapinda kulia: uso wa fimbo umebaki wazi, au mabega yametangulia. Anza kwa kuchunguza mshiko.
– Mpira unapinda kushoto: uso umejifunga mno. Chunguza kama mkono wa kulia umezunguka chini ya mpini.

Sahihisha jambo moja kwa siku. Anayesahihisha manne hajui lipi lililomponya.

8. MWILI NA USALAMA

Mwili wa mfanyakazi umekwisha kufanya kazi kabla ya mchezo. Aliyebeba magunia tangu asubuhi asiende kupiga mipira jioni ileile kwa nguvu. Siku hiyo afanye zoezi la jivu mara 10, basi. Kabla ya kuanza, geuza kiuno polepole, zungusha mabega, piga mapigo machache ya hewa. Kunywa maji. Maumivu ya kiuno au ya kiwiko yakiingia, acha. Mgongo ni mali ya mfanyakazi. Kampuni haitampa mwingine.

Kabla ya kila pigo tazama mbele, nyuma na pembeni. Fimbo huvunja taya, na mpira huweza kutoa jicho. Mpira ukielekea watu, piga kelele mara moja, wachezaji hupiga ukelele wa "Foo!" Na katika milima yetu ya Rwenzori, ngurumo ikisikika, mchezo umekwisha. Ingia katika nyumba. Usijikinge chini ya mti, wala usisimame mahali pa wazi na chuma mkononi.

9. MFANO WA KEDI WA DURBAN

Pengine ndugu mmoja atasema: "Haya ni ya watu waliosoma." Tumtaje basi Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa, Mwafrika Kusini mwenye asili ya Kihindi. Alikulia Durban katika umaskini, akawa kedi. Hakujua kusoma wala kuandika. Alijifundisha mwenyewe, na mshiko wake ulikuwa kinyume cha tulioueleza hapo juu: mkono wa kushoto ulikuwa chini ya ule wa kulia. Mwalimu yeyote angemwambia amekosea.

Lakini mshiko huo ulikuwa uleule kila siku. Kwa mshiko huo alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, akashinda tena mwaka 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal, katika nchi yake mwenyewe. Sheria za ubaguzi wa rangi zilimkataza kuingia katika jumba la klabu, basi akapewa kikombe chake nje, kwenye mvua, huku wengine wakiwa ndani. Mwaka 1965 alishinda mashindano hayo tena, safari hii akimshinda Gary Player, bingwa wa dunia. Baadaye serikali ya makaburu ilimfungia mlango asicheze na wazungu. Alifariki mwaka 1978.

Tunajifunza mawili kwake. La kwanza ni la mchezo: namna moja inayorudiwa kwa uaminifu inazishinda namna kumi nzuri zinazobadilishwa. Hatusemi mwige mshiko wake. Tunasema mwige uthabiti wake. La pili ni la haki: ustadi peke yake haukumfungulia mlango. Alimshinda bingwa na bado akabaki nje. Mlango wa namna hiyo haufunguliwi na mtu mmoja, hata awe hodari kiasi gani. Hufunguliwa na watu walioungana.

Wala si Afrika tu. Ben Hogan wa Marekani alianza kama kedi huko Fort Worth, Texas. Kwa miaka mingi mipira yake ilipinda kushoto kupita kiasi. Hakuacha kurudia mazoezi mpaka akawa mfano wa ulimwengu kwa kupiga namna ileile. Tarehe 2 Februari 1949 basi liligonga gari lake, akavunjika nyonga na mifupa mingine. Mwaka 1950 alirudi akashinda mashindano makuu ya wazi ya Marekani. Na huku jirani, Dismas Indiza wa Mumias, kutoka mji wa miwa, amekuwa mchezaji wa kulipwa anayejulikana katika Afrika Mashariki.

10. KAZI YA TAWI

Mwanachama anayefanya kazi mahali penye uwanja wa gofu ayapeleke mambo haya kwenye kamati ya tawi lake.

Kwanza, kedi ni mfanyakazi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda au kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kedi anayelipwa kwa huruma ya mchezaji, asiyejua asubuhi atapata nini jioni, anahitaji kima kilichokubaliwa na kuandikwa. Anahitaji pia maji ya kunywa, kibanda cha kujikinga na radi, na matibabu akipigwa na mpira.

Pili, wanaofyeka na kunyunyizia dawa uwanjani wapewe viatu, glavu na kinga ya uso, kama wenzao wa shambani.

Tatu, tuombe muda wa kucheza. Hata jioni moja kwa juma, saa ambazo uwanja hauna mtu, wafanyakazi na kedi waruhusiwe kuutumia kwa utaratibu. Fimbo kuukuu na mipira iliyookotwa ikusanywe na kutunzwa na tawi, iandikwe katika daftari, iazimwe kwa zamu. Na binti zetu wasiachwe nyuma. Madina Iddi wa Tanzania ameonyesha kwamba mwanamke wa Afrika Mashariki anaweza kuingia katika mchezo huu na kushinda.

Maombi hayo yataletwa kwa barua na kwa kikao, si kwa manung'uniko njiani. Nayo yanataka kile kile tunachokitaka katika pigo: kujipanga kwanza, kuelekea lengo moja, na kurudia bila kuchoka. Tawi linalobadili dai lake kila mkutano ni kama mchezaji anayebadili mshiko kila mpira.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa nini kuongeza nguvu hakumsaidii anayeanza? Eleza kwa kutumia mfano wa slasha.
2. Uso wa fimbo ukigeuka nyuzi 2, mpira wa mita 150 hutoka nje ya mstari kwa kiasi gani? Hilo linatufundisha nini juu ya maandalizi?
3. Fanyeni zoezi la jivu watu watano, kila mmoja mara 10. Andikeni hesabu. Rudieni baada ya juma moja, mlinganishe.
4. Je, mahali penu pa kazi pana uwanja wa mchezo wowote uliotengenezwa na wafanyakazi ambao wao hawaruhusiwi kuutumia? Nani ana mamlaka juu yake, na barua ipelekwe kwa nani?
5. Kedi au mfyekaji wa uwanja akiumia leo, nani atamlipia matibabu? Kama hamjui jibu, ulizeni kabla hajaumia.